Viroboto Waliokuja na Soksi za Baba

Kamiura, Yawatahama,
Mkoa wa Ehime.
3 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi Isono,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Kabla ya yote nataka kujua hali ya goti lako. Katika barua yako ya mwisho ulisema baridi ya huko Brazili, hapo Londrina, inakutesa, na kwamba Mjomba Takeo anakukanda kwa maji ya moto kila asubuhi. Naomba liwe limepoa. Na yeye Mjomba, kikohozi kimemwachia? Watoto wa Eriko wanaendeleaje na shule? Waambie picha zao nimezipata, na yule mdogo amechukua pua ya Bibi.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Joto la mwaka huu limekuwa kali, mvua zilichelewa kukatika, na machenza ya matuta ya juu yameanza kupasuka maganda yangali mabichi. Baba anakula vizuri na analala vizuri. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza.

Leo nakuandikia habari za viroboto. Usicheke, Shangazi. Soma mpaka mwisho.

Walianza mvua zilipokuwa zikiisha. Unamkumbuka paka wetu, Okoge, yule mwenye rangi ya ukoko wa wali, ambaye Mama alimwokota kwenye banda la kupangia machenza mwaka wake wa mwisho. Alianza kujikuna mpaka shingo ikabaki haina manyoya. Kisha mimi nikaanza kuamka na vifundo vya miguu vimevimba vipele. Baba hakulalamika hata mara moja. Wakati ule nilidhani ngozi yake imeshakuwa gome la mti.

Nilifanya kila linalofanywa. Nilimchana Okoge kwa kitana cha meno membamba, na kila kiroboto nikamzamisha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Nilichemsha maji nikafua matandiko yake na yetu. Mikeka ya tatami niliinyanyua mmoja mmoja, nikaianika juani, na mbao za chini yake nikazipitia kwa mashine ya kufyonza vumbi mpaka kwenye nyufa. Mama Kikuchi wa jirani aliniletea unga wa kuulia viroboto wa mbwa wake. Nilikuwa karibu kumpaka Okoge, bahati nikapiga simu kwanza kwa daktari wa mifugo. Akaniambia dawa ile ya mbwa ingemuua paka kabla ya jioni.

Wiki moja wanatoweka, inayofuata wamerudi. Baba akawa na neno moja tu.

"Mtoe huyo paka, yatakwisha."

"Baba, Okoge ni wa Mama."

"Mama yako hayupo. Viroboto wapo."

Akaniambia amekwisha kuzungumza na mtu wa bandarini, kwamba Okoge atapelekwa kwenye maghala ya samaki, huko atakula ashibe. Paka wa umri ule, Shangazi, kati ya matoroli na mapaka dume ya bandari. Nililia nikiwa jikoni, na naona aibu kukuambia kwamba nilikubali. Nilisema nitampeleka kwanza kwa daktari, aende akiwa hana vidonda.

Daktari Ninomiya ni mwanamke kijana, wa kucheka kidogo. Alimtia Okoge dawa mpya ya matone, pale kati ya mabega ambapo paka hawezi kufikisha ulimi, kisha akampekua tumbo na mkia.

"Mama, kwa nyumba unayonieleza, hawa wangekuwa wamekwisha. Kuna mtu kwenu anayeingia nyumba nyingine yenye paka?"

"Hakuna. Ni mimi na baba yangu tu."

"Basi vaa soksi nyeupe ndefu, utembee kila chumba polepole. Wakiwapo watakurukia, utawaona weusi kwenye weupe."

Nilifanya hivyo siku ileile. Nilitembea vyumba vyote kama mwendawazimu, na soksi zilibaki nyeupe. Nilikaa kibarazani nimefurahi, nikijiambia paka wa Mama haendi popote. Ndipo Baba akarudi kutoka makaburini. Unajua kwamba tangu mwaka juzi amejipa kazi ya kufyeka majani ya makaburi ya ukoo kule juu, karibu na nyumba ya zamani ya Bibi. Kila anapokwenda namfungia chakula, kwa sababu anasema anapenda kula karibu na Mama. Alikaa kizingitini kuvua viatu. Soksi zake za kazi, zile nyeupe, zilikuwa zimejaa nukta nyeusi, na nukta zilikuwa zikiruka.

"Baba, umetoka wapi?"

"Makaburini. Nitoke wapi tena?"

"Makaburini kuna viroboto?"

"Kuna kila kitu," akasema, akazivua soksi akaingia kuoga.

Safari yake iliyofuata nilimfungia chakula kama kawaida, mayai ya kukunja, viazi vikuu vya kuchemsha na plamu ya chumvi katikati ya wali. Nikamwacha atangulie. Kisha nikapanda.

Makaburini hakukuwa na mtu, na majani yalikuwa yamenifika magotini. Nikaendelea mpaka nyumba ya Bibi, ambayo mimi naijua imefungwa tangu tulipomzika. Mbao za madirisha zilikuwa wazi. Kwenye kamba kulikuwa na fulana za kiume. Chini ya sakafu paka koko walikuwa wamelala na watoto wao. Na kibarazani alikaa Baba, na pembeni yake Kaka Morihiko, wakila mayai yangu.

Wewe unakumbuka Morihiko alivyoondoka. Aligombana na Baba juu ya shamba, akasema hataki kufa akiwa kwenye matuta ya machenza, akaenda zake wakati Mama akiwa mgonjwa kitandani. Hakurudi hata kwa mazishi. Baba akazitoa picha zake ukutani, akanikataza kulitaja jina lake katika nyumba ile. Nikatii. Nimetii miaka tisa.

Na unakumbuka habari za Mwalimu Hyodo wa Uwajima, aliyefiwa na mkewe. Alinitaka nikiwa nimeshavuka umri wa kutakwa, akanitaka kwa heshima, akaja na kikapu cha peasi. Siku ile Baba aliniinamia mimi, mwanawe, mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Chizuru, sina mwingine," alisema. "Ukienda nitakufa peke yangu na miti hii, na hakuna atakayejua." Nikamwandikia Mwalimu kwamba haiwezekani.

Kaka alipaliwa aliponiona, akasimama.

"Chizuru. Umekubali kuja."

"Nimekubali nini? Uko hapa tangu lini?"

"Mwaka juzi, machenza yalipochanua." Akamgeukia Baba. "Si ulisema umemwambia?"

Baba aliendelea kutafuna.

"Aliniambia hutaki kuniona," Kaka akasema. "Kila nikitaka kushuka ananizuia. Bado ana hasira, mpe muda, ndiyo maneno yake."

"Nilidhani umekufa, Kaka. Wakati mwingine nilikuwekea chai mbele ya picha ya Mama."

Machenza yakichanua ni mwezi wa tano, Shangazi. Mwalimu Hyodo alikuja wakati wa peasi, vuli ya mwaka uleule. Baba aliponiinamia kwenye mkeka akisema hana mwingine, alikuwa na mwanawe mwanamume umbali wa kupanda kilima kimoja.

Nilimuuliza Baba kwa nini. Alifunga kwanza kisanduku cha chakula, taratibu, kama anavyokifunga siku zote kabla ya kunirudishia nyumbani.

"Mngekutana, ungesema kaka yupo, yeye anitunze. Ungekwenda zako. Na huyu hawezi hata kupika wali."

"Kwa hiyo ulinidanganya nikupikie wali?"

"Nilikudanganya ubaki."

"Na Okoge? Ulikuwa unajua viroboto unawaleta wewe, na bado ukataka nimtupe bandarini?"

Akainama akazivuta soksi zake juu. Ajabu ni kwamba ni hilo la paka lililonikata zaidi. Mengine naweza kusema ni woga wa mzee. Lakini alinitazama nikichemsha maji, nikiburura mikeka, nikijikuna mpaka damu, akaniacha nimlaumu mnyama wa Mama.

Nilipogeuka kuondoka akasema nyuma yangu, "Usinitazame hivyo. Kijiji kizima kinajua. Godoro analolalia Morihiko ni la Mama Kikuchi. Hata Isono anajua. Nilimwambia kwenye simu ya mwaka mpya, akasema nimefanya vyema kunyamaza."

Nilishuka kilima bila kuona njia.

Shangazi, barua zako zote ninazo. Ndani yake umeniita binti mwema, umeniambia Baba hana tegemeo duniani isipokuwa mimi, umeniambia Mama ananitazama kwa furaha. Nilizisoma jikoni siku ambazo sikutaka kuamka. Nilizisoma tena mwaka huu, machipuko, niliposikia Mwalimu Hyodo ameoa. Sasa sijui nilikuwa nasoma nini.

Kesho yake nilirudi juu na matone ya paka, kitana, sabuni na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni. Sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kwa sababu viroboto hawamalizwi kwenye nyumba moja wakati nyingine ni kitalu chao. Tuliwakamata paka koko kwa wavu wa machenza, na Kaka akakwaruzwa mpaka viwikoni. Tukaitoa mikeka ya Bibi tukaiegemeza kwenye ukuta wa mawe, tukafagia chini ya sakafu mpaka tukawa weusi sote. Tulipokuwa tunanawa kisimani aliniuliza Mama alisema nini mwishoni.

"Aliuliza kama umekula," nikamwambia.

Akajimwagia ndoo nzima ya maji kichwani ili nisimwone usoni.

Tumerudia kazi ile mpaka soksi nyeupe zimebaki nyeupe nyumba zote mbili. Sikukuu ya kuwapokea roho za marehemu ilipofika tulikwenda makaburini sote watatu. Baba alitembea nyuma.

Sasa nikwambie nilichoamua. Majani yakianza kubadilika rangi Kaka atahamia chini, na mimi nitakwenda Uwajima. Nimepata kazi kwenye duka la maandazi ya samaki karibu na kituo cha treni, na chumba juu ya duka. Siendi kwa ajili ya Mwalimu, yeye ana mkewe na nawatakia heri. Okoge nakwenda naye, mwenye nyumba amemkubali. Baba hajanikataza. Anakaa jikoni anamtazama Kaka akiunguza wali, anakula hivyohivyo. Jana aliniuliza mayai yanatiwa sukari kiasi gani. Nikamwonyesha, akaondoka.

Swali langu kwako ni moja. Baba amenidanganya mengi, na huenda hata hili la kwamba ulijua ni uongo aliouokota ili nisimwone yeye peke yake. Namwomba Mungu liwe hivyo. Kama hukujua, nikishahamia nipigie simu dukani, namba naiandika nyuma ya ukurasa huu, na usijali ni saa ngapi huku. Kama ulijua, usinieleze sababu. Sababu nimeshazisikia zote kwa Baba. Sema tu ndiyo, ili nijue ni nani ninayemwandikia.

Nisalimie Mjomba Takeo, Eriko na mumewe, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Mzee Doi, yule wa mashine ya kahawa, akiwa bado hai, naye msalimie. Kaka Morihiko ameomba nitie salamu zake, nami nimezitia. Mola awalinde na baridi, kahawa yenu ichanue vizuri, na nyumba yenu isikose sauti za watoto.

Ni mimi binti yenu, ninayekupenda bado, wala sijakusamehe bado,

Chizuru