Pale Santuri Inapokwama

Bibi,

Mke mwenzako anakuamkia. Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimenyamaza kidogo kabla ya kuandika mstari huu, nikakupa nafasi.

Nimekaa kwenye kibaraza cha nyuma hapa Chuno, upande wa jikoni, pale ulipokuwa ukikaa kukuna nazi. Nataka kukueleza habari za nyumba yako, na za lile sanduku la santuri.

Ulipotuacha, Mama alikataza redio mpaka arobaini ipite. Nilielewa. Arobaini ikapita, hitima ikasomwa, wageni wakarudi Mahurunga, na redio ikabaki kimya vilevile. Mbuzi yako ya kukunia nazi Mama akaitundika ukutani, hataki iguswe, tukawa tunakuniwa nazi sokoni kwa mashine. Wewe unamjua mwanao. Alikuwa akiimba akifagia, akiimba akifua, hata akiwa amekasirika aliimba kwa hasira. Sasa akawa hafungui mdomo ila kuniagiza. Na mimi unanijua, maneno yangu mengi huyaacha vitabuni. Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili.

Halafu jioni moja nilijaribu kuisikia sauti yako kichwani, nikaikosa. Maneno yako niliyapata yote. Sauti, hapana. Nilipekua simu ya Mama nikakuta picha zako tu. Hukutaka kurekodiwa, ulisema simu inameza sauti ya mtu na hairudishi. Bibi, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa bado nakusikia.

Ndipo nikaukumbuka wimbo.

"Nimetoka mbali mie, njia ilikuwa ndefu, njia ilikuwa ndefu, njia ilikuwa ndefu." Kisha pa! Unapiga kofi kitu chochote kilicho karibu, meza, sufuria, mgongo wangu uliojaa sabuni, ndipo unaendelea: "Nifungulie mlango." Hivyo ndivyo ulivyouimba, na Mama hivyo hivyo, nami nilidhani mtunzi aliutunga na kofi lake. Uliniambia wimbo huo umo kwenye santuri za Babu. "Mume wetu alikuwa hajui kucheza," ulisema, "ila kununua santuri alijua." Gramafoni yake ilikufa kabla sijazaliwa. Santuri ulizitunza, kila Idi unazifuta kwa kanga na kuzirudisha sandukuni. Nikawaza, nikiusikia ule wimbo, labda na sauti yako itarudi.

Gramafoni niliiona kwa fundi Issa, yule anayetengeneza redio karibu na njia ya shule. Ilikuwa ya aina ya sanduku, yenye mfuniko, na juu yake alikuwa ameweka feni. Nilipita pale mara nyingi bila kuthubutu kuuliza. Siku nilipouliza, sauti yangu ilitoka ndogo hata akaniambia nirudie.

"Hiki kitu kinamzidi umri baba yako," akasema. "Unakitakia nini, kuanikia dagaa?"

Zamani ningekimbia. Nilisimama. Nikamwambia ni ya Bibi yangu, yaani si ya Bibi yangu, ni kwa ajili ya Bibi yangu, ambaye amefariki. Akaondoa feni. Akauliza nina nini. Sikuwa na kitu ila jogoo uliyenipa, yule mgomvi aliyekuwa akiwafukuza wageni wako. Akamkubali. Wiki iliyofuata nilimkuta fundi amefungwa kitambaa mguuni. "Biashara hii nimepigwa mimi," akasema. Nadhani ungecheka mpaka ukashika mbavu.

Alinifundisha kazi yenyewe, nikawa napita kwake nikitoka shule. Mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umelainika kama bigijii iliyotafunwa, tukaukwangua kwa kijiti na kukata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli. Spika ilikuwa imeliwa na mende, tukaiziba kwa karatasi ya kaki na gundi. Sindano alinipa kutoka mashine nyingine iliyokufa. Akaniagiza kitu kimoja cha kufanya nyumbani: niweke tone la mafuta kwenye mhimili, ule unaobeba sahani inayozunguka.

Nikaweka. Alasiri ile sahani ilizunguka vizuri, bila kelele. Sikuweka santuri. Nilitaka Mama awepo.

Asubuhi ya Jumamosi, katikati ya kipupwe, Mama amejitanda kanga mbili, nikamwita sebuleni. Nikaweka santuri ya wimbo wako. Bibi, ilikuwa aibu. Sauti ilitoka nzito, ya kujikokota, kama mlevi anayetafuta kwao. Kisha sahani ikasimama kabisa.

Mama aliitazama. "Ya marehemu waachie marehemu, Somoe," akasema, akatoka kwenda kufua.

Nililia. Baadaye nikafungua kitabu cha fizikia kwenye sura ya msuguano, nikasoma mpaka mwisho. Sikuona kosa langu. Nikaenda kunawa uso, nikachukua chupa ya mafuta nijipake. Nikaipindua. Hayakutoka. Yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa.

Hapo nikakuona. Nilikuona kabisa, umesimama dirishani asubuhi ya baridi, unaiweka chupa ya mafuta ya nazi penye jua kabla ya kunipaka kichwa, na mimi naruka-ruka kwa sababu nachelewa shule. "Mafuta nayo yanasikia baridi, mke mwenza. Yaache yaote jua kwanza."

Ndiyo niliyoyaweka kwenye mhimili. Fundi alisema mafuta, na nyumbani kwetu mafuta ni yale.

"Mafuta ya nazi!" fundi Issa akapiga kelele, mpaka jirani zake wakachungulia. "Ulitaka uikaangie samaki?" Akanipa petroli kidogo ya kufutia na mafuta ya cherehani ya kuweka badala yake.

Jumamosi nyingine nilisubiri baridi kusudi. Mama alikuwa uani, kwenye ile meza yako ya mbao, anachambua mchele. Sikumwita. Nilivuta waya kupitia dirishani, nikaiweka gramafoni kwenye meza hiyohiyo, mkabala naye. Alitaka kuinuka, lakini ungo ulikuwa umejaa, akabaki, macho kwenye mchele.

Sahani ikazunguka. Mikwaruzo kwanza, kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Kisha gitaa, kisha sauti ya mwanaume. Nzuri, nyembamba. Lakini ya mwanaume, Bibi, nisiyemjua. Nilijua tangu mwanzo kuwa si wewe uliyeimba mle. Moyo wangu ndio haukuwa umekubali.

Akaimba, "Nimetoka mbali mie, njia ilikuwa ndefu."

"Njia ilikuwa ndefu."

"Njia ilikuwa ndefu."

"Njia ilikuwa ndefu..."

Ilikuwa imekwama. Mkwaruzo umekatiza pale, sindano inarudi palepale kila mzunguko. Nikanyoosha mkono niinue sindano, nikiwa nimekata tamaa.

Mama, bila kuinua macho, akapiga meza. Pa!

Mchele ukaruka. Sindano ikaruka. Na yule mwanaume akaimba, "Nifungulie mlango."

Tulitazamana. Mkono wake ulikuwa bado mezani, na nilikuwa kama nautazama mkono wako.

"Nilikuwa mtoto, mgongoni mwake," Mama akasema. "Kila akiipiga ile meza nilikuwa nashtuka." Kisha akalia, Bibi, kilio ambacho hakulia msibani alipokuwa akiwapikia watu. Nilishika ungo usimwagike. Alipomaliza, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya pili aliniachia kofi mimi. Nilipolipiga, nilikusikia. Si kwenye spika. Nilikusikia ile "nifungulie mlango" yako, yenye kukwaruza kidogo, unayoianza mapema kuliko inavyotakiwa.

Fundi anasema nikiweka sarafu juu ya mkono wa sindano, utakuwa mzito na utapita pale bila kukwama, na maneno yanayorukwa yatasikika. Yapo maneno pale katikati ambayo nyumba hii imesahau au haikuyajua. Siwezi kukudanganya, natamani kuyajua. Lakini nakuahidi sitaweka sarafu. Nikija kuwa bibi wa mtu, nitamwita mke mwenza, na nitamfundisha wimbo wako pamoja na kofi lake. Na kila kipupwe chupa itakuwa dirishani.

Pumzika, mke mwenza. Msalimie mume wetu, mwambie santuri zake ni nzima, ila moja.

Niishie hapa. Leo Mama ameishusha mbuzi ukutani. Anakuna nazi nyuma yangu na anaimba, amefika kwenye "njia ilikuwa ndefu" ya tatu. Mikono yake yote miwili ina kazi. Ananisubiri mimi.

Mjukuu wako,
Somoe