Sauti Yangu, Sura ya Hellen

Mpendwa Dada Mwasiti, nimevimba kwa hasira, naomba unisaidie kabla sijamtukana mtu mzima. Mimi ni Tusekile wa Ikolo, nina miaka ishirini na miwili, mume wangu Hebroni hana neno na uimbaji wangu, tuko watatu kwenye kundi, mimi, Hellen na Anyes, na nyimbo zote natunga mimi, sasa bosi wetu Mikidadi, mtu wa Tanga mwenye duka la kanda hapa Mbugani, alitaka kuchagua mwimbaji wa mbele, akaweka spika nje siku ya soko, kila mmoja aimbe peke yake naye aangalie watu wanaosimama. Hellen aliimba wakasimama wachache, Anyes vilevile, nilipoanza mimi barabara ikajaa mpaka baiskeli zikakosa pa kupita, mara namwona baba mkwe anakuja dukani kununua betri za redio, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe, nikaacha maikrofoni katikati ya ubeti nikajibanza nyuma ya maboksi, watu wakacheka wakatawanyika, na mzee alipoondoka Mikidadi akasema, “Wewe binti unaogopa watu, hufai kukaa mbele.” Niliona aibu kumweleza habari za mkwe. Akamchagua Hellen, ila sauti ya Hellen haimridhishi, kwa hiyo anataka Jumamosi studio Mbeya niimbe mimi, picha ya jalada iwe ya Hellen, na jukwaani Hellen achezeshe midomo huku kanda inaimba. Hellen ananiambia, “Ndaga, pole dada, usikasirike, sote tutafaidika.” Sitaki! Sauti ni yangu. Je, nikikataa nitakuwa nimelivunja kundi?
Tusekile, Ikolo

Tusekile, pole, na sasa kaa nikugombeze. Hasira unayo, mdomo ulikuwa wapi? Mtu wa Tanga atajuaje kwamba unamkwepa mkwe? Ameona msichana anakimbilia kwenye maboksi, akasema mwoga, na wewe ukamwacha aamini. Mimi nimeolewa huku Kyela mwaka wa kumi na tano huu, nimejibanza kwenye migomba hadi nimechoka, na mwoga si mimi. Nenda leo ukamweleze.

Kisha ongea na mama mkwe. Heshima hiyo si mzigo wako peke yako, mzee naye anapaswa kukukwepa. Mama amwambie siku na mahali unapoimba, betri akanunue kwingine.

Hellen simlaumu sana, kapewa kapokea. Lakini hilo neno “sote” lisikulaghai. Kanda ikitoka na sura yake, mwakani ukiimba harusini watu watasema unamwigiza Hellen. Utawajibu nini? Na kudai kilicho chako si kuvunja kundi.

Jumamosi usisuse, panda gari pamoja nao. Kabla mashine haijawashwa, mwambie Mikidadi mbele ya wote kwamba sauti yako inakwenda na sura yako. Akikubali, imba. Akikataa, keti kwenye benchi, funga mdomo, umwachie Hellen maikrofoni.