Karatasi Yako Moja ya Litmasi Nimeichukua Mimi

Mwanangu,

Chakula kipo kwenye sufuria, kipashe moto. Unga mweupe kwenye kikopo ni magadi ya jaribio lenu, usije ukautia kwenye chai.

~~Shangazi yako asije leo.~~ Shangazi akija, naye ale.

Asubuhi nilikuuliza asidi na besi zikichanganywa chumvi inatokaje. Ukasema, "Mama, hutaelewa, nitamuuliza shangazi." Kisa yeye anafanya kazi maabara! Nimeona wivu, sikufichi.

Ulipotoka nikachovya karatasi yako nyekundu kwenye maji ya sabuni ninayofulia nguo za watu. Ikageuka buluu mbele ya macho yangu, kumbe sabuni yangu ni besi! Nikakuita kwa sauti uje uone, nimesahau kuwa umeshaenda shule.

Funga mlango wa nyuma.

Mama