Kitanda Kimoja, Watu Wawili

Ijumaa, Jeddah

Hata maumivu ya mgongo nimeyasahau kwa furaha. Jumatatu binti yangu Neema atasimama mbele ya darasa kule Nakuru aeleze jinsi viwanda na biashara vilivyojaza watu kwenye miji ya Ulaya, na leo kwenye simu alikuwa akilia.

"Mama, niandikie wewe."

"Siandiki ng'o. Panguza machozi, usome polepole."

Alipofika pale wafanyakazi walipolala kitanda kimoja kwa zamu, akakwama. "Sasa hiyo inawezekana aje?"

Nikasita. Nyumbani hakuna anayejua ninavyolala huku. Kisha nikamwambia: mimi nafagia ofisi za bandarini mchana, Mercy ninayeishi naye hapa mtaa wa Al-Mahjar anafagia usiku. Yeye akiamka, mimi nalala hapo hapo. Meli huleta mizigo, mizigo huleta kazi, kazi imetuleta sisi, ila vyumba ni vile vile.

"Haiya! Watu wanakuja haraka kuliko nyumba!" Akanieleza somo zima bila kitabu, hadi mitaro ya maji machafu.

Mwishowe akauliza, "Naweza kuwaambia darasani kuwa anayelala hivyo ni mama yangu?"

Na mimi niliyedhani ataona aibu...

"Waambie," nikasema. "Na useme kwa sauti."