Mwandiko wa Penseli Ndani ya Kioo

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Saba,
Nyuma ya Posta ya Zamani.

Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa binamu yangu Antena,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, wameshaacha kuuma kila kitu, au bado wanatafuna hadi waya za chaja? Lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kazini limepoa? Sisi huku tu wazima, ila mimi siku hizi sikai kitako. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kufunga dirisha, mara ya pili nikainuka kulifungua.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ningekata katikati ya maneno nikasingizia mtandao. Jirani yetu mwuguzi anasafiri keshokutwa kuja huko kwenu. Yeye ndiye atakayekufikishia.

Unalikumbuka lile boksi la vitu vya marehemu baba yako ulilowapa watu wa makumbusho? Sasa wanafungua chumba cha historia ya mawasiliano na kompyuta, na mwezi uliopita waliniita nikawasafishie mitambo. Wana kile chombo cha kugongea simu za maandishi kwa nukta na vistari, wana simu ya kuzungusha kwa mkono, teleksi ya kupigia chapa ujumbe wa mbali, na ubao wa kuunganishia simu wenye kamba zilizosokotana kama utumbo. Mwisho kabisa iko kompyuta ya kwanza ya ofisi ya takwimu, ile tuliyosimuliwa utotoni kwamba ukuta ulibomolewa ili iingie. Nilifurahi kupita kiasi. Nilishika bisibisi kabla hawajaniambia nianze wapi.

Pembeni yake palikuwa na karatasi ya mfano wa kibao: jina la Mjomba, baba yako, na chini yake, “Mtu wa kwanza nchini kuandika programu ya kompyuta.” Nikajipiga picha hapo ili nikutumie. Kisha nikainama kuangalia daftari lililowekwa ndani ya kioo, lililotoka kwenye boksi lako. Limeandikwa kwa penseli. Saba zote zimekatwa mstari katikati, na kila nne ina mkia kama ndoano.

Binamu, saba zile nazijua. Zimebandikwa kwenye mlango wa friji yetu, kwenye karatasi ya saa za dawa. Ule ni mwandiko wa mama.

Ile picha sikukutumia. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapiga pasi. Nikamwambia nimeona daftari la penseli, kurasa nyingi, la zamani. Hakuniuliza daftari gani. Alisema tu, “Kumbe bado lipo,” na pasi ikabaki palepale ilipokuwa mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Shuka la bluu ndiyo basi tena.

Tangu siku ile hatulii. Anahamisha viti, anafungua droo na kuzifunga. Ilichukua siku mbili kumtoa maneno, nami nakuandikia kama alivyoniambia.

Unajua alikuwa mtoboa kadi pale ofisi ya takwimu. Kwenye ile sensa ya kwanza kuhesabiwa kwa kompyuta, kila mtu aliyehesabiwa alikuwa na kadi yake, na wanawake arubaini waliketi chumba kimoja wakizitoboa matundu ya umri, jinsia na wilaya. Kompyuta iliposomeshwa kadi zote ikatoa jibu la ajabu: nchi nzima haina hata mtoto mmoja wa chini ya mwaka. Mafundi wa kampuni iliyoleta mashine wakasema makosa ni ya wanawake, kadi zirudiwe zote. Miezi sita ya kazi itupwe!

Mama alikuwa amenibeba mgongoni siku hiyo, nina miezi saba. Akawauliza, “Basi huyu ni nani?” Chumba kizima kikacheka, mafundi hawakucheka.

Alishang’amua tatizo. Umri wa watoto wachanga ulitobolewa kwa miezi, na kando yake tundu la alama. Programu ya mafundi haikuiangalia alama, ikaisoma miezi kama miaka. Mtoto wa miezi saba akawa wa miaka saba. Akamwambia kaka yake, maana baba yako ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo. Mjomba alimwamini. Ufunguo wa chumba cha mashine haukuruhusiwa kutoka mikononi mwake, lakini alimpa. Jumapili tatu mama aliingia humo peke yake na kitabu cha maelekezo cha mafundi, akaiandika upya sehemu yote ya umri. Jumatatu iliyofuata Mjomba akaiendesha, na mashine ikawaona watoto wachanga, maelfu kwa maelfu.

Alinisimulia hayo amesimama. Nilimwambia akae, akasema atakaa akimaliza.

Wiki iliyopita nilimpeleka makumbusho. Mhifadhi ni kijana mwenye adabu, lakini uso wake ulisema amewahi kuona wazee wengi wenye madai. Akafungua kioo, akaweka daftari mezani kwa glavu. Mama hakuligusa.

“Ukurasa huo ulioufungua,” akamwambia, “ukiugeuza utakuta mistari mitatu nimeifuta. Kifutio kilikuwa kibovu, karatasi ikachanika.”

Mhifadhi akageuza. Palikuwa pamechanika. Yule kijana akavua glavu, akamvutia mama kiti, akaanza kumwita Mwalimu.

Kesho yake alituletea maandishi mapya ya kibao. Jina la mama lilikuwa peke yake. La Mjomba halikuwepo. Nilidhani mama atafurahi. Alikasirika, Binamu, sijawahi kumwona vile. “Rudisha jina la kaka yangu! Ingejulikana kwamba alinipa ule ufunguo, kazi yake ingekwisha siku hiyohiyo.”

Nikamwuliza, kwa nini basi Mjomba alikubali kupigwa peke yake ile picha ya gazeti, iliyosema programu ni yake? Akasema mwandishi wa gazeti alipofika, Mjomba alikwenda chumba cha kadi kumtafuta akamkosa. Alikuwa ametoka kwenda kuninyonyesha mimi. “Siku hiyo hakuwa na kosa,” akasema. “Ila baadaye angeweza kusema, miaka yote ile. Hakusema. Na mimi sikumwuliza. Tukawa tunakula pamoja kila Jumapili, tunaongelea nyinyi watoto.”

Alirudi kutoboa kadi miaka ishirini na miwili, mpaka kadi zenyewe zikaisha.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Boksi ni lako, na mhifadhi alitaka saini ya familia ili abadilishe maelezo. Alisema tukuulize wewe, angesubiri. Mimi sikusubiri. Mama ana miaka themanini na moja, na jana asubuhi nilimkuta amevaa viatu vya kutokea, ameketi ukingoni mwa kitanda, hana pa kwenda. Nikaenda nikasaini. Mama anadhani ulikubali. Nilimdanganya.

Kibao kitasema hivi: programu iliandikwa na yeye, na baba yako ndiye mkuu aliyeiamini na kuiendesha. Majina mawili, herufi za ukubwa mmoja. Mchongaji ameanza leo. Nimepita dukani kwake mara mbili kwa kisingizio cha kununua msumari. Mara ya pili alikuwa amefika herufi ya nne ya jina la mama, na nilisimama pale nikiwaza uso wako.

Najua umewasimulia mapacha habari za babu yao. Najua una ile picha ya gazeti ukutani, na sikuombi uiteremshe. Baba yako alimwamini mwanamke mtoboa kadi siku ambayo mafundi walimwona mjinga. Kisha akanyamaza. Yote mawili ni yeye, nami nilimpenda, unajua.

Ufunguzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama ameshaniuliza mara nne kama utakuja, na leo akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli ulikubali. Nikajifanya natafuta miwani. Ukiwa na hasira, Binamu, nipigie mimi, nifokee mimi, nitasikiliza mpaka mwisho bila kukata. Lakini ukishamaliza kunifokea, mpigie yeye umwite Shangazi.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabusu kwenye vipaji vya nyuso kwa ajili yangu. Mkwe wako, mama wa wifi, mwambie dawa ya macho nimeipata, mwuguzi anayo. Mungu awape afya, na akupe moyo mpana kuliko nilioutumia mimi nilipochukua ile kalamu.

Wako akupendaye, hata ukinuna,

Bisibisi