Upande Aliopaka Baba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi na mtoto wanaendelea vizuri. Mtoto ameshaota meno? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima na anagomba kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi ni Kasuku wako yuleyule, ila nina rangi nyekundu kwenye kucha ambayo haitoki hata kwa mafuta ya taa, na hiyo rangi ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Najua hutaki habari za boti. Nikikupigia simu tunaongea vizuri tu, lakini nikitaja boti au Baba, mtandao unakatika. Mtandao wako una akili sana, Kaka. Basi nimeona niandike, maana karatasi haina mahali pa kubonyeza. Nakuomba usome mpaka mwisho hata kama roho inakuuma. Mimi pia inaniuma kila nikipita gatini. Sijasahau jioni ile boti, Baba akiwa kwenye usukani, ilivyogonga nguzo, abiria wakaangukiana, mama muuza viatu akavunjika mkono, na Baba akasema mbele ya watu wote kwamba ni wewe uliyechelewa kurusha kamba. Ulisema hukuchelewa. Hakukusikiliza, na sisi wengine tulinyamaza. Kesho yake ukaondoka na begi lako, na tangu hapo nyumba yetu imekuwa na kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita boti ilikuwa nzito mpaka abiria wakaanza kututania kwamba afadhali washuke waogelee. Tukaipandisha nchi kavu, na lo! Chini ilikuwa imeota ndevu: majani ya kijani yanayoteleza, na vile vikombe vigumu vinavyokata vidole. Baba akasema hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua yote na kupaka upya rangi ya sumu, ile ya kuzuia viumbe wasishike.

Tukaenda dukani, Baba, mimi na fundi wa boti, yule tunayemwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Muuzaji akatusifia kopo moja la bei ya juu, rangi ngumu, inang'aa kama kigae. Msasa akamwuliza kama amewahi kumiliki hata beseni. Akatueleza kwamba rangi ngumu ni ya boti zinazolala tu zimefungwa, lakini yetu inatembea kutwa, inataka rangi laini inayochujika kidogo kidogo kadiri maji yanavyopita, ili kila kiumbe kinachojishikiza kianguke pamoja nayo. Tena lazima ikubaliane na rangi ya zamani iliyo chini yake, la sivyo itabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Baba akaniambia nimsomee maandishi ya kwenye kopo, akilalamika kwamba siku hizi wanawaandikia sisimizi. Nikacheka, nikamsomea.

Kukwangua na kupiga msasa kulituchukua wiki nzima. Tulipiga msasa kwa maji, na vitambaa puani, kwa sababu vumbi lake ni sumu. Upande wa Baba ulitoka laini kuliko wangu. Alikuwa akipapasa ubao kwa kiganja, akikuta kipele anarudia, na Msasa mwenyewe akakubali kwamba mzee ana mkono. Tukapaka mkono wa kwanza mweusi. Unaijua desturi yake: chini nyeusi, juu nyekundu, ili siku nyekundu itakapochujika, nyeusi ichungulie na kukwambia muda wa kupaka umefika. Mkono wa pili tukagawana kama mlivyokuwa mkigawana ninyi wawili, yeye kulia, mimi kushoto, na atakayechelewa anaosha rola.

Baba akanishinda. Akaja upande wangu anapiga mluzi, akaniambia amemaliza na ananisubiri kwenye ndoo ya rola. Nikazunguka kwenda kuona, kwa nia ya kutafuta kasoro, si unanijua. Kaka, sikuhitaji kutafuta. Ubavu mzima ulikuwa na mabaka meusi, mengine makubwa kama sinia, hasa kule chini kwenye kivuli. Nilidhani ananitania. Nikamwuliza hayo mabaka anamwachia nani. Akaniuliza mabaka gani.

Hapo nikaacha kucheka. Nikamshika mkono na kumwonyesha, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, na bado akatikisa kichwa. Kisha akafanya alichokuwa akifanya wiki nzima, akapapasa. Palipopakwa, vidole vilitoka vyekundu. Akasogeza mkono kidogo, pakavu. Akasogeza tena, pakavu tena. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa boti, na mimi nyuma yake naogopa hata kukohoa.

Alipofika mkiani akakaa juu ya kopo. Nilidhani atazungumzia macho yake. Hakuyataja. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtu asiyeona baka kubwa kama sinia akiwa amesimama mbele yake anaweza kuona nguzo ya gati wakati jua la jioni linampiga usoni. Akajijibu mwenyewe, kwamba siku ile hakuiona nguzo. Alisikia kishindo tu, na kwa kuwa alikuwa na hakika na macho yake kuliko na mwanawe, akatafuta kosa pengine. Kisha akalia, Kaka. Baba yetu alilia amekaa juu ya kopo la rangi, anajifuta kwa mkono mwekundu, mpaka Mama alipotuona tunarudi akapiga kelele akidhani ni damu.

Mama naye akaanza kukumbuka: chai iliyomiminwa nje ya kikombe, shati lililovaliwa kinyume. Alidhani ni uzee. Tukampeleka hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekua taratibu kiasi kwamba mwenyewe asingejua. Nilifurahi, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kwamba ni upofu. Ameshafanyiwa upasuaji jicho moja, na jingine litafuata. Siku waliyomfungua bandeji alinitazama kwa muda mrefu, akasema kumbe nimenenepa. Nimemsamehe.

Nyekundu nimeimalizia mimi, boti imerudi majini, na inateleza mpaka raha. Kwa sasa naiendesha mimi. Abiria walishika kingo siku ya kwanza, sasa wanasinzia, nami nahesabu hiyo kuwa sifa. Lakini kabla sijaiwasha, Baba alisimama gatini asubuhi, watu wakiwa wamejaa, akamwita mama muuza viatu kwa heshima zote, akasema kwamba maneno aliyoyasema juu yako mbele yao anayafuta mbele yao. Kamba ilirushwa kwa wakati. Aliyegonga nguzo ni yeye. Hakuna aliyecheka. Mama muuza viatu alimpa mkono, uleule uliovunjika.

Nilitaka kukupigia simu siku hiyohiyo, lakini Baba akakataa. Alisema neno kama hili halitumwi.

Kwa hiyo, Kaka, barua hii haikuja kwa posta. Umepewa na mlinzi wa geti la kiwanda chenu, sivyo? Na aliyempa mlinzi ni Baba. Amepanda basi peke yake, yeye asiyependa kulala mbali na maji hata siku moja. Aliniomba niandike kila kitu ili ukijue kabla hamjaonana, na uamue ukiwa peke yako, bila yeye kukutazama. Ukimwambia mlinzi kwamba una kazi nyingi, atarudi stendi na hatakulaumu. Ameniapia hivyo, na nauli ya kurudi nina uhakika anayo, nilimshonea mfukoni mwenyewe.

Msalimie sana wifi, mpakate mtoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na anasema usiache kula. Salamu zilizobaki anazo Baba mdomoni. Yuko nje ya geti, jicho moja bado lina ukungu, jingine linatazama mlango utakaotokea.

Nenda, Kaka.

Nduguyo,
Kasuku