Kuuzunguka Mwezi Bila Hodi

Mama, shikamoo. Huku Temeke mvua haikatiki. Leo asubuhi, tukinywa chai kwa Bibi Somoe muuza vitumbua, redio ilisema kuna watu wameuzunguka mwezi wakarudi bila kutua. Fundi baiskeli akaapa angekwenda hata leo. Bibi akageuza kitumbua chake: "Mie siendi. Kuzunguka nyumba ya watu bila hodi ni uchawi!"

Wote wakacheka, mie nikakirudisha kitumbua sahanini. Nilikuandikia kwamba kaka Saidi simkuti kwake. Nilikudanganya. Tangu tugombane kwenye msiba wa baba, namwogopa. Nimeizunguka nyumba yake mara mbili, nikamsikia anakohoa ndani, nikarudi.

Kesho nitapiga hodi. Niombee aseme karibu.

Mwanao, Hamisi